Nyuzi za Damu Yetu

4 Februari

Dada yangu,

Kabla hujauliza: nimekula, nimelala, na mwenye nyumba wangu bado anagonga ukuta kila nikipiga chafya. Ningekupigia simu, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba simu ni ya habari na barua ni ya maongezi. Haya ni maongezi.

Unajua kazi yetu hapa maabara ni kuchunguza jinsi damu inavyoganda. Juma lililopita tulihitaji damu ya mtu asiye na tatizo, ya kulinganishia na za wagonjwa. Aliyeahidi kuja hakutokea. Nikakunja mkono wa shati nikasema, "Chukueni yangu, mimi buheri wa afya." Daktari wetu mkuu, yule mama asiyecheka, akaiweka kwenye darubini. Akaangalia. Akaangalia tena. Akaniambia, "Hebu kaa." Nikamwambia, "Nimekaa, daktari." Akasema, "Basi kaa vizuri."

Iko hivi. Ndani ya damu ya kila mtu kuna protini iitwayo fibrinojeni. Inaelea tu, haina makuu, mpaka siku utakapojikata. Hapo inageuka nyuzi, nyuzi zinashikana zinakuwa wavu, wavu unaziba jeraha. Ukishapona, mwili unautafuna wavu ule kidogo kidogo mpaka unakwisha. Sasa fibrinojeni yangu ina kasoro, kama neno lililokosewa herufi moja. Nyuzi zake ni nyembamba mno na zimebanana, mwili unakosa hata pa kuingizia jino. Damu ikiganda pasipotakiwa, tuseme mguuni, bonge lile haliyeyuki upesi. Na likimeguka likapanda mapafuni, hapo ni habari nyingine.

Usishike kichwa. Kasoro za fibrinojeni ziko nyingi. Kuna wanaotokwa damu ovyo, kuna wanaoganda ovyo, na wengi wanazeeka bila kujua kama wana chochote. Inategemea herufi ipi imekosewa. Yangu ni ya kuganda.

Ila hurithiwa. Ndiyo maana nakuuliza: mama alikufa kwa nini hasa? Homa, ulisema. Homa ya nini? Na wewe, tafadhali, ukapimwe. Ni chupa ndogo tu ya damu.

Nakupenda kuliko mshahara,
Kitinda wako

17 Februari

Kitinda wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa na kichana mdomoni na mteja kichwa nusu. Nilipofika kwenye "hebu kaa", na mimi nikakaa, juu ya pasi ya nywele. Haikuwa ya moto, Mungu si Athumani.

Je, wamekupa dawa? Unapumua vizuri? Ukipanda ngazi unahema? Nijibu moja moja, usinizungushe kwa darubini. Shemeji yako anakusalimu. Amesema kama ni waya uliokosewa angekuja kuurekebisha mwenyewe, lakini damu haina swichi.

Kuhusu mama, nilishakuambia. Homa. Ulikuwa umeshaanza kutambaa. Watu wa wakati ule hawakuuliza homa ya nini, walizika. Mama mdogo naye atakujibu hivyo hivyo, kwa hiyo usimsumbue, miguu yake yenyewe inamsumbua vya kutosha.

Kupimwa nitapimwa kazi ikipungua. Saluni imejaa, na mimi siku hizi nachoka upesi. Juzi nilisinzia nikisuka, mstari ukaenda kama njia ya mlevi, ikabidi nimfumue mtu wa watu. Hata dawa ya kunyoosha nywele inanichefua. Nadhani wamebadilisha kitu humo ndani. Umri huo, mdogo wangu. Wewe subiri tu, zamu yako inakuja.

Vaa sweta.
Dada yako

3 Machi

Dada mpendwa,

Nakujibu moja moja. Dawa sijapewa, kwa kuwa sijawahi kuganda pabaya. Napumua vizuri. Nikipanda ngazi nahema, lakini hilo ni tumbo, si fibrinojeni. Nimeambiwa nisikae kitako safari nzima bila kunyoosha miguu, ninywe maji, na nikilazwa kwa upasuaji au nikivunjika mguu nimwambie daktari mapema. Basi.

Naona umeuruka mstari wangu mmoja, ule wa kurithi. Kama kasoro hii ilitoka kwa mama, kila mtoto wake alikuwa kama anarushiwa shilingi: kichwa au mwenge. Mimi yangu imeanguka. Yako bado inazunguka hewani. Huwezi kuiacha izunguke hivyo kwa sababu tu una wateja.

Na uchovu huo ni wa kusimama kutwa nzima. Ajiri msichana wa pili, uachane na ubahili.

Jambo jingine. Daktari wetu ameniuliza kama katika ukoo kuna mwanamke aliyefariki ghafla karibu na uzazi. Nikamjibu hapana, mama yangu alifariki nikiwa natambaa. Nimejibu sawa?

Mdogo wako msumbufu,
Kitinda

19 Machi

Kitinda,

Umejibu sawa.

Nisamehe barua ni fupi. Mguu wa kushoto umejaa kidogo, viatu vimegoma, ndiyo maana leo nimekaa nyumbani nikiwa nimeuweka juu ya mto. Usianze. Ni kusimama, wewe mwenyewe umesema. Mama mdogo ameukanda kwa maji ya moto.

Mwambie daktari wako asiyecheka kwamba huku sisi ni wazima na tunacheka.

Dada yako anayekupenda, hata ukimchosha

23 Machi

Shemeji yangu,

Mimi si mtu wa kalamu, ni mtu wa bisibisi, kwa hiyo nivumilie. Barua hii nimempa dereva wa basi la vifurushi, itakufikia kesho.

Dada yako aliniapisha nisikupigie simu kukuambia. Nikaapa. Barua sikuapa.

Ana mimba. Inakaribia mwezi wa nne. Hakutaka ujue mpaka ikomae, kwa sababu zile mbili zilizoharibika ulikuwa umeshanunua viatu vya mtoto, na alisema hawezi kukuona ukivirudisha dukani mara ya tatu. Mimi nilimwelewa.

Lakini shemeji, mguu. Paja lote la kushoto limevimba, limekuwa jekundu, na lina joto kama kikaango. Yeye anasema ni mimba tu, kila mwenye mimba huvimba. Na mimi ningekubali, maana nitajuaje? Isipokuwa Mama mdogo. Kila akimaliza kuukanda mguu huo anakwenda chumbani kwake, anafunga mlango, analia. Jana nilimfuata. Nikamuuliza, "Mama, kunani?" Akanijibu, "Mguu huo nimeshawahi kuuona." Nikamuuliza, kwa nani? Akakaza mdomo.

Nimezisoma barua zako, anaziweka chini ya godoro. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenye elimu hiyo: mguu huu ni wa mimba au ni wa damu yenu?

Nijibu upesi. Mimi napanda nguzo za umeme siogopi, lakini hili nimeliogopa.

Shemeji yako

2 Aprili, wodini

Kitinda wangu,

Nesi amenipa karatasi na kunionya nisiandike mpaka nikachoka. Kwa hiyo nitaandika mpaka kabla kidogo ya kuchoka.

Kelele ulizonipigia kwenye simu ile! Sijawahi kusikia sauti yako ikipanda hivyo tangu ulipong'atwa na bata. "Usikande! Usikande tena! Mwambie Mama mdogo aondoe mikono!" Maskini, alikuwa ameshika taulo, akaliangusha kama limemuuma. Nilitaka kukukasirikia. Kisha ukasema, kwa sauti ya chini, "Dada, nakuomba," na mimi nikamwambia mume wangu alete gari.

Walinipaka mafuta ya baridi, wakapitisha kile kifaa cha picha pajani. Bonge lilikuwepo, refu kama kidole. Daktari wa hapa ni kijana, ana aibu, lakini uliyomweleza kwenye simu aliyaandika yote, na damu yangu ameituma kwenu. Majibu unayo wewe kabla yangu. Najua. Shilingi yangu nayo imeanguka kama yako.

Ninachomwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, tumboni, pembeni kidogo ya mtoto. Wanasema haivuki kwenda kwake. Mtoto mzima. Nimeusikia moyo wake, unakimbia kama cherehani.

Sasa keti, Kitinda. Keti vizuri.

Mama hakufa ukiwa unatambaa. Alikufa kitovu chako hakijadondoka. Mguu wake wa kushoto ulivimba, wakamwambia ni mambo ya uzazi. Asubuhi moja aliinuka kwenda kukuanikia nepi, akashika kifua, akasema, "Mbona hewa hakuna?" Nilikuwa pale mlangoni na ndoo. Nilikuwa na miaka tisa. Mama mdogo alitoka jikoni mbio, akamkuta ameshakaa chini.

Ulipoanza kuuliza maswali ulikuwa mdogo sana, na shuleni kulikuwa na mtoto anaitwa na wenzake "muuaji" kwa sababu mama yake alifia kwenye kumzaa. Nikamwambia Mama mdogo: huyu wetu hataitwa hivyo, hata na moyo wake mwenyewe. Tukakutafutia homa. Tukakupa na miezi kadhaa ya kubebwa na mama, miezi ambayo hukuipata. Sikuiona kama uongo. Niliiona kama kukufunika shuka.

Halafu juzi unaniuliza, "Nimejibu sawa?" Nami nina mimba tumboni na mguu umevimba, nakuandikia "umejibu sawa".

Nesi anakuja. Nijibu lolote, hata matusi.

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Nimechelewa kukuandikia. Nilikuwa nalia, halafu nikawa nimechoka kulia, halafu nikaenda kazini.

Matusi sina. Nilitafuta, sikupata. Nimejaribu kuwaza kama ningependa kujua nikiwa na miaka saba, nikaona kwamba ningeinuka kila siku nikimwomba radhi mtu asiyekuwepo. Mlinifunika vizuri. Ilikuwa shuka nzuri, dada. Ila nimeshakua, miguu imetokeza.

Nilimweleza daktari wetu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Akaniambia, "Kwa hiyo ile siku uliyokunja shati ulituletea habari za mama yako." Nikatoka nje kidogo.

Sitakudanganya kwamba kuzaliwa kwangu hakukuhusika. Mimba huifanya damu ya kila mwanamke igande kwa wepesi zaidi, ili asimalizike kwa kutokwa damu akijifungua. Ni ulinzi. Kwa mtu wa nyuzi zetu, ulinzi huo unazidi kipimo, na hatari haiishi mtoto akitoka. Wiki zinazofuata ndizo mbaya zaidi. Kwako wewe alivuka salama, kwangu hakuvuka. Mama hatuwezi kumpima tena, lakini Mama mdogo alipokubali kutoa damu tumeikuta yake haina kasoro, ndiyo maana amejifungua watoto wake wanne bila neno. Amelia tena. Amesema afadhali yeye ndiye angekuwa nayo. Mkumbatie kwa niaba yangu.

Lakini nisikilize. Mama hakuwa na mtu wa kumpigia kelele kwenye simu. Wewe unaye. Fibrinojeni ile ile iliyompeleka mama ndiyo iliyonifanya nikukazanie. Mimi nimeamua kulishika hilo. Nawe lishike upande wa pili.

Tena umenificha mimba! Tutalizungumza hilo siku nyingine, kwa ukali. Leo furaha inanizuia.

Kitinda

30 Juni

Kitinda,

Nimerudi saluni nusu siku. Nimevaa ile soksi ndefu ya kubana ambayo kuivaa ni sawa na kumvika paka suruali. Nakaa kwenye kiti kirefu nikisuka, na kila baada ya muda wateja wenyewe wananifukuza: "Inuka utembee, bonge lisirudi!" Nimewaeleza wote. Sasa kila anayevimba kidole anataka nimpe namba yako.

Sindano anachoma mume wangu. Siku ya kwanza, mwanamume huyu anayekaa juu ya nguzo na mvua inanyesha alishika kile kisindano, akanitazama tumboni, akawa mweupe, akateleza chini kama shati lililotoka kwenye enga. Mama mdogo akamruka, akaniuliza, "Nianze na nani?" Siku hizi ameshazoea. Anamwambia mtoto kwanza, "Samahani bosi, nakata umeme dakika moja," ndipo anachoma.

Tumbo limejaa madoa ya zambarau. Mtoto anapiga mateke palepale pa sindano. Ana kinyongo, atakuwa amekufuata wewe.

Lakini kuna saa naogopa, Kitinda. Siogopi uchungu. Naogopa asubuhi za baada ya hapo. Kila nikiwaza kuinuka kuanika nepi, kifua kinanibana, na si bonge, ni kumbukumbu. Mume wangu sijamwambia. Nakuambia wewe.

Dada

9 Agosti

Dada yangu,

Nimeomba likizo. Daktari wetu amesaini bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Nenda ukae mpaka wiki zile zipite."

Nimeshazungumza na yule daktari wenu mwenye aibu. Mpango uko hivi: sindano itasimamishwa kabla ya kujifungua ili usivuje damu, kisha inarudi upesi baada ya mtoto kutoka. Watakuwa na damu ya akiba kando. Anajua anachofanya. Nilimuuliza maswali mengi mpaka akacheka, akaniambia, "Kaka, hata mimi nataka ajifungue salama."

Na nepi nitaanika mimi. Kila asubuhi. Wewe utakaa dirishani uniambie nimekosea. Hiyo ndiyo kazi yako.

Naja.
Kitinda

16 Oktoba

Dada,

Nimefika salama, nikisimama na kutembea njia nzima mpaka abiria wenzangu wakadhani natafuta kitu. Chumba changu kimya. Nimepiga chafya na mwenye nyumba hakugonga ukuta, labda alinikosa.

Bado nanusa maziwa kwenye mabega. Bado naiona sura yako siku ile nesi alipomweka binti kifuani kwako, halafu akageuka kukupima miguu yote miwili, nawe ukaninong'oneza, "Ule wa kushoto, auangalie vizuri." Umetoka kuzaa, unatoa maelekezo.

Sasa lile tuliloliacha. Uliniambia damu ya kitovu niipime, na majibu nikuandikie, nisikupigie, ili uyasome ukiwa umekaa na umemshika. Kama hujamshika, mchukue kwanza.

Anayo. Ni herufi ile ile.

Nimeipima mwenyewe, halafu nikampa mwenzangu aipime bila kumwambia ni ya nani. Ni kweli. Na nataka ujue nilichohisi, maana sikukitegemea. Nilitazama nyuzi zake kwenye darubini, nyembamba, zimebanana, na nikasema kwa sauti, "Karibu nyumbani." Mwenzangu akadhani namsemesha yeye.

Mtoto huyu hatavimba mguu watu wakasema ni mambo ya uzazi. Atajua. Akivunjika mguu kwa kupanda miti, daktari atajua. Akichumbiwa, mume atafundishwa sindano na baba mkwe. Nyuzi hizi alizaliwa nazo. Kutojua hakuzaliwa nako.

Ukilia, lia. Kisha nipigie.

Mjomba Kitinda

24 Novemba

Kitinda wangu,

Nililia kidogo, mtoto akaniangalia kama mtu anayesubiri foleni, nikanyamaza. Mume wangu alipoisoma barua yako alimwambia mtoto, "Bosi, una nyaya za mama yako. Sawa. Nyaya hizo nazijua." Basi, ikawa hivyo. Akaenda kumpikia uji mama wa bosi, na ukaungua.

Zile asubuhi zimepita. Nakuandikia hili polepole ulisikie vizuri. Ulipoondoka nilianza kuanika nepi mwenyewe. Siku ya kwanza nilisimama na beseni nikiipima hewa: ipo, ipo, ipo. Siku nyingine nikasahau kuipima. Daktari amepitisha kile kifaa cha picha tena, bonge limekwisha. Mwili umelitafuna kwa meno yake yote, na heparini ikiusaidia. Sindano nimepumzishwa. Soksi bado.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni hiki. Jana nimetimiza miaka thelathini na sita. Mama alikufa akiwa na thelathini na mitano. Nilikuwa sijalifikiria, mpaka nilipoamka. Nikakaa kitandani na mtoto amelala, nikaona kwamba maisha yangu yote nilikuwa nikimfuata mama kwa nyuma, nikiuliza alifanyaje hapa, alisemaje pale. Kuanzia jana hakuna wa kumfuata. Huku mbele hakufika. Niliogopa, halafu nikasikia njaa.

Mchana Mama mdogo akanikalisha kati ya magoti yake anisuke, eti mwenye saluni kichwa kinatisha. Alikuwa anasuka huku anaongea. Nikahisi vidole vimesimama. Nikamuuliza, "Kuna nini, mama? Chawa?"

Akasema, "Mvi."

Nikamwambia ang'oe, au nipake rangi, rangi ninayo tele dukani. Akanipiga kofi la bega.

"Thubutu," akasema. "Dada yangu hakupata hata moja."

Akausuka unywele ule na wenzake, taratibu, akauleta mbele ya paji la uso mahali unapoonekana. Leo kila mteja amenionyesha kidole. Nimewaambia wote nimeuona.

Dada yako